Tenki la Samaki Linavuja: Jua Maji Yanakotoka Kabla ya Kushika Wembe

Tenki likivuja, wa kwanza kulaumiwa ni silikoni, ile gundi inayounganisha vioo, na mara nyingi inasingiziwa. Mtu anaona kidimbwi sakafuni, anakwenda sokoni Darajani, Unguja, kununua tyubu ya silikoni, anapaka juu ya mshono wa zamani, na baada ya siku mbili kidimbwi kipo pale pale. Kumbe maji yalikuwa yakitona kwenye mpira wa filta. Ndiyo maana hapa tunaanza na kile kinachoonekana kwa macho. Chini ya kila dalili, sababu inayojirudia zaidi imetangulia na ile ya nadra imekuja mwisho.

Kwanza umeme. Usitie mkono majini wala usiguse waya uliolowa kabla hujazima swichi ya ukutani. Ikiwa soketi yenyewe imelowa, au ekstensheni imelala ndani ya kidimbwi, usiisogelee. Nenda ukazime swichi kuu ya nyumba. Wenye tenki la maji ya bahari wawe waangalifu zaidi, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya bomba. Kila waya unaotoka kwenye tenki uning'inie chini kuliko soketi, kisha ndipo upande kuingia. Tone linalofuata waya litaangukia sakafuni, halitafika kwenye plagi. Soketi ikiwa imeungua au inanuka, mwite fundi umeme, tenki litasubiri.

Maji yanamwagika sasa hivi

Huu si wakati wa kutafuta sababu. Punguza maji kwa mpira hadi yawe chini ya pale panapovuja. Samaki watie kwenye beseni au ndoo pamoja na maji yao wenyewe ya tenki, si maji mapya ya bomba. Ndoo iwe haijawahi kutiwa sabuni wala dawa ya kufulia. Funika, maana samaki aliyeshtuka huruka. Kawa la kufunikia chakula linafaa sana, linazuia na linapitisha hewa. Kama huna pampu ya betri na umeme umezimwa, chota maji kwa kata na uyamwage tena kutoka juu kila baada ya muda, hewa itaingia. Sponji ya filta itie kwenye ndoo hiyo hiyo. Ikikauka, bakteria wanaosafisha maji watakufa, na wiki ijayo utajiuliza kwa nini samaki wanahema juu juu. Siku hiyo usiwalishe.

Usizibe kwa sabuni ya mche kama madereva wanavyoziba tenki la mafuta. Sabuni inaharibu mashavu ya samaki, na maji yataipenya vilevile. Gundi ya kupaka kwa nje nayo haisaidii kitu. Fundi wa kalafati hushindilia pamba kwa nje ya jahazi kwa sababu maji yako nje yanataka kuingia. Kwenye tenki maji yako ndani yanataka kutoka, na kiraka cha nje yanakisukuma mpaka kibanduke.

Maji yanapungua, lakini sakafu ni kavu

Hapa mara nyingi hakuna tundu lolote. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, joto limepanda na feni ya dari inazunguka usiku kucha, tenki lisilo na mfuniko hupungua mpaka mwenyewe akaingiwa na wasiwasi. Jaza ndoo maji, iweke ubavuni mwa tenki pale pale panapopigwa na feni ile ile, utie alama ya kalamu kwenye vyote viwili. Baada ya siku mbili tatu linganisha. Vikishuka kwa kiasi kinachokaribiana, maji yamekwenda na hewa. Tenki lenye mapovu na taa hushuka zaidi kidogo, hilo halina neno. Likiishinda ndoo kwa mbali sana, endelea kusoma.

Kwa tenki la bahari, kilichopaa ni maji matupu na chumvi yote imebaki. Basi jazia maji baridi yasiyo na chumvi. Ukijazia maji ya bahari kila mara, chumvi itazidi kupanda na samaki ndio watakaolipia.

Sababu ya pili ni mapovu. Yakipasuka karibu na ukingo hurusha vitone vidogo sana, vinakauka, vinaacha chumvi, na chumvi ile hutambaa taratibu hadi nje ya kioo. Ikishafika nje hunyonya maji na kuyashusha tone kwa tone. Futa ukingo kwa kitambaa kilicholowa, sogeza jiwe la hewa, lile linalotoa mapovu, mbali na kioo, weka mfuniko.

Tenki la maji baridi nalo hupata ukoko mweupe, ila huo si chumvi. Maji mengi tunayotumia Unguja yanatoka chini ya ardhi, kwenye miamba ya chokaa, na yakikauka huacha chokaa yake. Usiudharau ukoko huo, ndio shahidi wako mzuri kuliko wote: unakuonyesha njia ya maji hata wakati ambapo hapavuji. Ufute kwa siki upande wa nje, ukaushe, halafu subiri uone unarudi wapi. Ukirudi juu ukingoni, ni mrusho wa mapovu. Ukirudi chini kwenye mshono, panavuja kweli.

Kuna maji sakafuni, na kioo chote ni kikavu

Anza na filta. Ile ya kuning'inia ubavuni hufurika sponji yake ikiziba: maji hayapiti, yanapanda, yanamwagikia nyuma ambako huoni. Suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya tenki, uiangalie ikifanya kazi. Ile ya kopo inayokaa chini ya stendi huvuja kwenye ringi yake ya mpira. Mara nyingi ni punje ya mchanga tu, au ringi imekaa upande baada ya usafi. Itoe, ifute, ipake grisi ya silikoni kidogo, uirudishe. Vaselini si mbadala, kwani aina nyingine za mpira huvimba na kulegea kwa mafuta hayo. Ringi iliyobapa au kupasuka inabadilishwa, haibembelezwi. Kisha pitisha tishu kavu kuzunguka kila pale mpira unapoingia kwenye filta. Tishu inaona kabla ya kidole.

Kidimbwi kinachotokea baada ya umeme kukatika kina sababu yake maalumu, na huku kwetu si jambo la ajabu umeme kukatika. Pampu ya hewa ikiwa imewekwa chini kuliko uso wa maji, siku inapozimika maji hurudi kwa kipira cha hewa, yanashuka yenyewe hadi kwenye pampu, na kutoka hapo hadi kwenye soketi. Mtu anarudi nyumbani akute umeme umesharudi, kila kitu kinafanya kazi, na zulia limelowa. Dawa ni kuipandisha pampu juu ya usawa wa maji, au kutia vali ya njia moja kwenye kipira. Vali hizo ni ndogo na rahisi, ila zina upande: puliza kwa mdomo kabla ya kuifunga ujue hewa inaelekea wapi. Pampu iliyoingia maji usiichomeke tena.

Wenye tenki la bahari lenye hodhi la pili chini wafanye jaribio moja kwa makusudi: zima pampu huku umesimama hapo na ndoo mkononi. Maji yatashuka mpaka mdomo wa bomba la kurudishia uwe wazi. Hodhi la chini likifurika, hukuliachia nafasi. Punguza maji yake, au toboa kitundu kidogo kwenye bomba hilo karibu na uso wa maji ili livute hewa mapema. Kitundu hicho kisafishwe mara kwa mara, konokono mmoja anatosha kukiziba.

Mwisho ni jasho la kioo. Hutokea ukitia chupa za barafu kupoza maji: kioo kinakuwa baridi kuliko hewa yetu yenye unyevu, nacho kinatoka jasho. Futa, toa barafu, subiri. Jasho huenea kioo kizima na kuanzia usawa wa maji kushuka chini. Tundu haliwezi kufanya hivyo.

Mshono au kona ina unyevu

Sasa ndiyo tumefika kwenye silikoni, ila wembe ubaki kwenye karatasi yake bado. Maji hayatokezi lazima pale yanapovujia. Yanaweza kuingia kwenye mshono katikati ya kona, yakashuka ndani ya mshono wenyewe, yakatokeza chini kabisa upande wa pili. Ukitengeneza pale ulipoona tone, umetengeneza mlango wa kutokea na kuacha wa kuingilia.

Kausha nje yote. Bandika vipande vya tishu kwenye kila mshono, kuanzia juu hadi chini na kuzunguka kitako. Rudi baada ya saa moja. Kipande cha juu kabisa kilicholowa ndicho kilicho karibu na tundu, kwa kuwa maji hayapandi. Kama uvujaji ni wa polepole na samaki wameshatolewa, acha maji yashuke yenyewe. Yatakaposimama na kukataa kushuka tena, usawa huo ndio usawa wa tundu kwa ndani. Tia alama kuzunguka tenki zima. Ukitaka uhakika, zima pampu, chukua bomba la sindano lisilo na sindano, vuta rangi ya chakula, uidondoshe taratibu ndani ya maji karibu na mshono unaoushuku. Rangi itavutwa na tundu.

Ukishapajua, tazama mshono kwa ubavu kupitia kioo. Kuna silikoni za aina mbili pale. Moja iko katikati ya kioo na kioo, ndiyo inayolishika tenki. Nyingine ni ule mstari wa ndani ya kona, unaoikinga ya kwanza. Ya katikati ikiwa imeshika vizuri huonekana rangi moja. Palipoachia panang'aa na kuonyesha mapovu.

Sababu iliyo mbele ya zote ni wembe wa kukwangulia mwani: mtu anasafisha kioo, anafika konani, anaikata silikoni ya ndani bila kujua. Ya pili ni uzee na jua la dirishani. Silikoni inakuwa ngumu na kubanduka pembeni. Ya tatu ni kuhamishwa. Tenki likibebwa na mchanga wake ndani, hata kutoka chumba hadi chumba, kioo hujipinda na mshono kuachia. Sembuse likipandishwa boti kupelekwa Pemba. Ya nne ni utengenezaji mbaya tangu mwanzo, kioo hakikufutwa mafuta au silikoni haikuwa ya kazi hiyo.

Ikiwa kilichoharibika ni mstari wa ndani tu, na tenki si kubwa, unaweza kuifanya kazi hii mwenyewe. Ondoa mstari wa ndani wote, konani na kitakoni, si kile kipande kibovu peke yake, kwa sababu silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani. Hapo ndipo wengi wanapofeli. Kata kwa wembe mpya, kwangua hadi kioo kiwe kitupu, na uangalie wembe usizame katikati ya vioo. Futa kwa asetoni safi, si ile ya kutolea rangi ya kucha yenye manukato na mafuta. Fungua madirisha, usivute sigara karibu. Futa tena. Ukipitisha kidole na kikateleza, bado.

Silikoni iwe silikoni tupu, ile inayonuka siki. Iliyoandikwa kuwa inazuia ukungu, ya chooni na jikoni, ina dawa ya kuua vimelea na itaua samaki pia. Muuzaji akikuambia zote ni moja, zungumza naye kwa upole ununue kwingine.

Bandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, kila upande wa kona. Piga mstari mmoja usiokatika, usawazishe kwa kidole kilichovaa glavu, bila maji ya sabuni, kisha vua tepu mara moja kabla juu hakujaanza kuganda. Ukichelewa dakika kadhaa, tepu itaondoka na silikoni. Silikoni hii hukauka kwa unyevu wa hewa, basi Unguja na Pemba hatuna shida. Shida ni kinyume chake, wakati wa masika kioo chenyewe kinakuwa na umande usiouona. Kifute tena dakika ya mwisho.

Saa 24 ni kiwango cha chini kabisa. Mstari mnene unataka siku mbili au tatu, kwa sababu hukauka kuanzia nje kwenda ndani na juu kunaweza kukudanganya. Pua ndiyo saa yako: harufu ya siki ikiwa ipo, bado. Kisha jaza robo, lala. Jaza nusu, lala. Jaza lote. Fanya jaribio hilo uani au kibarazani, sehemu ambayo likishindwa halitaharibu kitu.

Acha, mwite fundi wa vioo mwenye uzoefu wa matenki, ikiwa silikoni ya katikati ndiyo iliyoachia, ikiwa kioo kimebenuka kwa mbele unapoweka rula, au ikiwa tenki limezidi sentimita 50 kwenda juu. Nguvu ya maji kwenye mshono inafuata kina. Urefu wa tenki hauiongezi. Tenki jembamba lililo refu kwenda juu ni la hatari kuliko watu wanavyodhani.

Stendi imelowa, maji yanatokea chini ya kitako

Hakikisha kwanza si maji ya juu yaliyoteremka ukutani mwa kioo na kujikusanya chini. Mara nyingi ndivyo ilivyo.

Kama sivyo, angalia usawa. Huhitaji hata pima maji: uso wa maji uko sawa wenyewe siku zote, basi pima kwa rula kutoka uso wa maji hadi ukingo wa juu kwenye pembe zote nne. Tofauti ikiwa kubwa, tenki limeinama au limejipinda, na mshono mmoja unabeba mzigo wa yote. Sakafu zetu nyingi za saruji zimemiminwa na mteremko kuelekea mlangoni ili maji ya kudekia yatoke, na sakafu za chokaa za Mji Mkongwe hazijawahi kuwa sawa. Toa maji yote, kisha tia kabari chini ya miguu ya stendi. Kabari chini ya kioo ni kuomba ufa. Stendi ya mbao za unga wa mbao uliogandishwa ikishalowa huvimba, na usawa wa jana si wa leo, itupe.

Tenki lisilo na fremu hulazwa juu ya foma nyembamba ili punje ya mchanga isitoboe kitako. Lenye fremu ya plastiki chini lisiwekewe, foma itakisukuma kitako juu.

Halafu kuna uzito. Tenki la sentimita 90 kwa 40 kwa 45 linabeba lita 162, yaani kilo 162, bado hujahesabu kioo, mawe na mchanga. Kwenye ghorofa za nyumba za Mji Mkongwe, sakafu imebebwa na boriti juu ya kuta za mawe na chokaa. Uvujaji mdogo wa miezi, ambao hata hauonekani juu, unaoza boriti na kulegeza chokaa. Ukiona dari ya chini ina doa, chokaa inapukutika, au sakafu inacheza unapotembea karibu na tenki, litoe maji leo hii na umwite fundi anayezijua nyumba za mawe. Kazi yoyote ya kubadilisha boriti katika eneo la hifadhi inapitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Na kwa wanaokaa majumba ya Michenzani: mwambie jirani wa chini mapema, kabla hajapanda yeye kukugongea.

Kioo kina ufa

Hapa sina maneno mengi. Ufa kwenye kioo hautibiki kwa silikoni. Leo una urefu wa kidole, kesho mlango umegongwa kwa nguvu umefika upande wa pili. Toa maji na samaki, vaa viatu, watoto wawe mbali. Mkwaruzo ni jambo jingine: ukucha ukikwama kidogo tu na hakuna unyevu nje, si ufa.

Fundi wa vioo anaweza kubadilisha ubao mmoja wa kioo, kwa unene ule ule au zaidi, kamwe si pungufu. Vioo vingine vimetiwa moto kiwandani viwe vigumu. Hivyo havikatwi wala kutobolewa, na vikishindwa humiminika vipande vipande vyote kwa mpigo. Kwa tenki dogo, gharama ya kioo na kazi mara nyingi inakaribia bei ya tenki jingine. Uliza kabla hujalibeba.

Limeshatengenezwa, na bado kuna tatizo

Likivuja tena pale pale, silikoni mpya ilipakwa juu ya ya zamani, au tenki lilijazwa maji mapema. Kuongeza tabaka la tatu hakusaidii, rudi kwenye kukwangua.

Likivuja pengine, mshono wote umezeeka na wewe umeziba palipotangulia. Tenki hilo linataka kuvunjwa na kuunganishwa upya, kazi ya fundi.

Halivuji lakini samaki wanakufa: wahamishe upesi, kisha nusa ndani. Kama siki bado inanuka, limwage, liache wazi siku kadhaa, lijaze na kulimwaga mara chache kabla ya kuwarudisha. Kama hakuna harufu, litafute lile tyubu ulilotumia usome maandishi yake. Ikiwa ni silikoni ya kuzuia ukungu, kusuuza hakuitoi dawa. Inakatwa yote, mstari hadi mstari, au tenki linageuzwa la kuoteshea miche.